Kikombe cha Ngasa

Tangu sheria ya soya ianze, kila raia huvaa bangili inayopima damu, na asiyekunywa kikombe chake cha maziwa ya soya asubuhi hafunguliwi mlango popote. Sheria haina koo. Ngasa analo, na akionja soya tu linavimba hadi pumzi inakatika. Basi mkewe, Nyamizi, akaivaa bangili ya mumewe chini ya mkono wa gauni kila asubuhi, akawa anakunywa vikombe viwili.

"Wewe shiba, mimi nisifiwe afya," Ngasa alikuwa akimtania.

Leo homa imemwangusha. Nyamizi amemrudishia bangili yake na kumkokota hadi zahanati.

"Mbona mzee ni mzima kuliko mimi!" muuguzi akacheka, akiisoma bangili. "Mzima hapewi dawa."

"Mwanangu, damu hiyo ni yangu. Yeye soya itamuua."

"Soya haimdhuru mtu, mama. Ndivyo sheria inavyosema." Muuguzi akajaza kikombe. "Bangili haisomi upya bila soya. Anywe hapa, ikionyesha anaumwa nitampokea."

Ngasa, mtu wa adabu zake, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.