Unga Kwenye Kikombe cha Marhoon

Bi Kheiria, jirani wa ukuta mmoja, anaapa kwamba aliona kwa macho yake mawili, kutoka chumba cha kahawa. Ijumaa iliyopita Hamdan aliingia sablani bila ya kualikwa, akajikokota na bakora yake mpaka pale anapokaa Marhoon, akampokonya kikombe cha kahawa mkononi. Kikombe kiliporudi kuoshwa, ndani yake mlikuwa na unga mweupe.

"Unga, mwanangu! Nnakwambia unga!" alimwambia Jumana, binti yake Marhoon. "Kamtilia baba yako kitu. Na alivyosema umesikia?"

Jumana alisikia. Nani hapo mtaani hakusikia? Hamdan alimkazia macho binamu yake mbele ya wanaume wote, akasema, "Toka hapo ulipokaa."

Sabla ndiyo ukumbi wa mtaa wao, hapo Mutrah, na ni wa kale hata hakuna anayejua umejengwa lini. Pale anapokaa Marhoon, chini ya ukuta wa ndani, ndipo walipokaa wakubwa wote wa mtaa. Hapo ziliamuliwa kesi za visima na mashamba, hapo watu walipatanishwa, na aliyekataa kupatana alionyeshwa mlango. Kumwambia mtu atoke hapo ni kumvua nguo mbele za watu.

"Na maneno mengine hana," alisema Bi Kheiria. "Ni hayo tu, na bakora kuigonga chini, na macho kayatupa darini. Hata kututazama hataki, kama sisi si watu!"

Tangu apate kiharusi, maneno ya Hamdan yalikuwa yanatoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Loai, mdogo wake Marhoon, aliwachekesha watu kwa hilo. "Kiharusi kimemla ulimi," alisema, "sumu kimemwachia."

Ugomvi wenyewe ulianza mwaka huu, Marhoon alipoitengeneza sabla ili watalii wa meli za bandarini waje kuitazama. Ukumbi ulikuwa na boriti nyeusi za kutoka Rufiji, madirisha membamba ya kupitisha upepo, na nguzo tatu za mawe katikati. Nguzo ya kati ilikuwa imechongwa jina la babu yake Hamdan mzaa mama. Marhoon aliing'oa hiyo kwanza.

"Inanizuia kuwaona wageni wangu," alisema, na kila mtu alijua kilichokuwa kinamzuia.

Halafu akapaka dari chokaa mpaka ikawa nyeupe kama kanzu ya Idi, akapandisha viyoyozi vinne vikubwa juu ya paa, na juu ya mlango akaweka jina la baba yake kwa shaba. Hamdan alikuja akasimama pale ilipokuwa nguzo, akapagonga kwa bakora, akalia. Wakamtoa nje.

Kwa hivyo Jumana hakuwa na shaka. Yule, ambaye alimwita ami tangu utotoni, alitaka kumuua baba yake.

Ijumaa hii ndiyo siku ya ufunguzi. Wageni walijaa, viatu vikajaa mlangoni, Loai akatia komeo kwa ndani ili Hamdan asipate njia. Jumana alikuwa katika chumba cha kahawa, nyuma ya ukumbi, mahali pa wanawake, penye kidirisha cha kupitishia sinia. Kahawa aliipika mwenyewe. Bi Kheiria alitaka kumsaidia kuosha vikombe, akakataa. Cha baba yake alikiosha, akakifuta, akakigeuza kwenye mwanga, akakiosha tena.

"Hicho ukampe mkononi," alimwambia Loai. "Usikitue popote."

"Haya, daktari."

Mlangoni bakora ilianza kugonga.

"Huyo kaja!" alisema mmoja, wakacheka.

"Toka!" ilisema sauti ya Hamdan nyuma ya mbao. "To... tokeni!"

"Sasa hataki mmoja," alisema Marhoon. "Anatufukuza sote."

Wakacheka zaidi. Loai aliongeza baridi ya viyoyozi, vikanguruma juu, ili sauti ile isisikike.

Jumana alikifuata kikombe kwa macho. Kilitoka kidirishani, kikapita kwa Loai, kikafika mkononi mwa baba yake. Hakuna aliyekikaribia. Hamdan alikuwa nje, mlango una komeo. Moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

Marhoon hakunywa mara moja. Alikuwa akiwahadithia wageni habari za wakubwa wake, kikombe kakishika mbele ya kifua.

Ndipo Jumana alipouona unga. Kidogo tu, mweupe, ukaingia kwenye kahawa. Halafu mwingine ukatua kwenye kilemba cha baba yake, na mwingine begani, naye akaupangusa bila ya kuutazama, kama mtu anayefukuza nzi. Jumana akainua macho mpaka unakotoka: boriti iliyokuwa ikishikwa na ile nguzo ilikuwa imepinda, na chokaa ya dari imepasuka.

Alipitisha kichwa kidirishani, mahali ambapo hajapata kuonekana uso wa mwanamke wakati wanaume wamekaa.

"Baba."

Vichwa vyote vikamgeukia. Mlangoni bakora ilikuwa bado inagonga.

"Baba, toka hapo ulipokaa."

Marhoon alimtazama binti yake kwa macho yale yale aliyomtazamia Hamdan. Kisha akaivuta miguu yake, akakaa vizuri zaidi.