Gurudumu la Kushoto

"Siyo huko, Mama. Mchezo unaelekea kulia," binti mchoraji alisema.

Alichelewa. Mama yake, fundi wa nguo anayetumia mkono wa kushoto, alikwisha kubonyeza kushoto. Kidole gumba chake chenye alama za sindano kiliing'ang'ania simu, na mchawi mdogo wa kwenye mchezo akaugonga ukuta wa mwanzo, ambao hakuna mchezaji aliyewahi kuhangaika nao.

Ukuta ukafunguka.

Binti akabaki kinywa wazi. Kila jani na kila joka la mchezo huo alilichora yeye. Marehemu kaka yake aliandika programu tu, maana kuchora hata kuku kulimshinda.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba ambacho binti hakukichora. Ndani yake mlikuwa na cherehani iliyochorwa kwa mistari iliyopinda kama ya mtoto mdogo, na gurudumu lake lilikuwa upande wa kushoto, lile ambalo Mama amelililia maisha yake yote asilipate dukani.

Mchawi akaenda mwenyewe, akaketi kwenye cherehani.

"Kumbe kaka yako alikuwa ananisikia," Mama akasema polepole.

Akaligusa gurudumu kwa kidole. Likazunguka.