Pipik Ahesabu Watu

Jumanne, tarehe 9 Mei 2084, saa moja kasoro robo asubuhi, mzee Isidoro Waisburd alihamishiwa Mwezini na mwanawe, na sinagogi la mtaa wa Villa Crespo likabaki na wazee wanane na rabi.

"Hata kwaheri hakusema," alisema mzee Mitnik. "Miaka sitini ananikalia kiti changu, leo kaenda kumkalia mwingine huko juu."

Naum Kaplún hakucheka. Tangu mkewe Perla afariki Juni iliyopita, hakuna kilichomchekesha wala kumliza. Supu aliinywa, na akiulizwa kama imekolea chumvi, hakujua. Alichobakiwa nacho ni ahadi moja. Hawakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo alimwahidi Perla kuwa yeye mwenyewe atamsomea Kadishi, sala ya wafu, kila asubuhi kwa miezi kumi na moja, bila kuruka hata siku moja. Zilibaki siku nne. Na Kadishi haisomwi mpaka wanaume kumi watimie.

"Wakubwa wa jumuiya ndio waliotufikisha hapa," alinung'unika.

Wakubwa walikuwa wamefunga masinagogi matatu, wakawaachia hili la paa bovu. Mwaka juzi wakawaletea Rabi Uziel, huku wakijisifu kwamba wamempata rabi asiyedai nyumba wala likizo. Paa hawakuligusa. Kupigwa picha mlangoni, walikuja wote.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Tali, mjukuu wa Naum, msichana wa miaka tisa, akimvuta Pipik, mashine ya kuosha vyombo nyumbani kwa Naum. Pipik alikuwa na kimo cha stuli, mikono miwili, na kitufe tumboni ambacho Tali alikiona ni kitovu, pipik kwa Kiyidi, ndiyo maana akampa jina hilo. Leo alivishwa koti la Naum na kofia, na viwiko vilikuwa bado na povu la sabuni.

"Babu, wa kumi wenu huyu hapa," alisema Tali. "Mimi si hamnihesabu? Basi mhesabuni yeye. Kadishi anaijua yote, umemsomea jikoni mwaka mzima."

"Tena anaosha sahani," alisema Mitnik. "Isidoro hata kijiko hakuwahi kukiosha. Mimi nasema apite."

Wazee wakamgeukia rabi. Naum naye aligeuka, na kifuani mwake ile ganzi ikaachia kidogo.

Rabi Uziel alitabasamu kwa upole. "Pole, mzee Naum. Mashine haihesabiwi. Sala hii ni ya aliyezaliwa na mwanamke."

"Siku nne tu, Rabi."

"Hata dakika nne." Akamwinamia Pipik. "Wewe, hesabu wanaume waliomo humu, mzee asikie mwenyewe kwamba tumepungua. Mashine usihesabu."

"Hesabu kikwetu," Tali alimnong'oneza. "Usije ukawapatisha wazee jicho baya."

Pipik alijua. Kikwetu mtu hahesabiwi waziwazi. Hukanushwa, husuda ipite ikidhani hayupo. Akainua mkono wenye povu, akawaonyesha mmoja baada ya mwingine.

"Si mmoja. Si wawili. Si watatu."

Mitnik alikuwa si watano, na akainama kidogo kama aliyetunukiwa nishani. Naum alikuwa wa mwisho kwenye benchi.

"Si wanane," alisema Pipik, na mkono ukashuka.

"Rudia," alisema Tali. "Umemruka Rabi."

"Nimeambiwa mashine nisihesabu."

Naum alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shali yake ya sala, akaivaa tena.

"Rabi," alisema, "katika miezi yote hii niliyomsomea Perla, ipo hata asubuhi moja iliyomfikia?"