Mikono Bila Uso

Mteja alimnyooshea fundi viatu simu yake. "Kumbe umehamia duka la ng'ambo ya barabara, fundi? Umetuacha kwenye mataa!"

Kwenye video, mikono miwili ilikuwa ikishona soli, ikivuta uzi taratibu. Kucha ya kidole gumba cha kushoto ilikuwa imepasuka katikati, kovu la zamani la nyundo. Kisha likatokea jina la duka la ng'ambo, na namba yao.

Mikono ilikuwa yake.

Aliyeirekodi ni mdogo wake wa tumbo moja, siku tatu mfululizo, akidai anamtengenezea tangazo la karakana yake mwenyewe. "Uso tuuache, dada," alimwambia. "Mteja hununua mikono." Naye akadhani ndio utaalamu.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wake akaingia na kamera begani, meno yote nje.

"Dada yangu kipenzi! Kimebaki kipande kimoja tu. Lete mikono."

Fundi alimrudishia mteja simu, akavua aproni, akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Washa," alisema, akiikazia macho lenzi. "Leo chukua uso."