Kidoa Chekundu

Usigeuze uso. Bango lile uliliona pale njia panda, ukasema, "Pazuri!" ukaenda zako. Basi mtazame aliyelichora.

Mchoraji alikuwa ameinama mezani, mama yake kitandani nyuma yake. Miguu ya mama ilikwisha nguvu, na mvua ikinyesha, bati lililoliwa na kutu lilimvujia usoni. Walishahamishwa mara mbili: kupisha barabara, kisha kupisha soko. Mwana aliapa kwamba safari hii mama hang'oki. Kazi hii ikikubaliwa, atapata bati jipya.

Kampuni ya ujenzi ilimpa picha iliyopigwa kutoka angani, vipaa vidogo vimebanana kama magamba ya samaki. "Tuchoree patakavyopendeza."

"Ni wapi?"

"Wewe chora."

Akachora. Jua akaliweka kushoto, manjano laini. Vivuli akavilaza virefu kuelekea bustani, jicho la mtazamaji livifuate. Katikati akamketisha mama na mtoto majanini, mwanga wote ukawamwagikia wao.

Wakala wa kampuni akaja kukagua, akaangaza macho chumbani, akainama begani kwake. "Fundi, umeua! Ila hiki kidoa chekundu?"

"Kutu ya bati, bosi. Ilikuwamo kwenye picha yenu."

"Kinanikera. Macho yanakimbilia hapo hapo."

"Chekundu ndani ya kijani lazima kikuite."

"Basi kinyamazishe."

Mchoraji akachovya brashi, akapanda mti juu ya kile kidoa. Jicho likateleza mpaka bustanini bila kujikwaa. Hata yeye alijipongeza.

"Unachora nini, baba?" mama aliuliza.

"Miti, mama."

"Ya nani?"

"Ya wenye nazo."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Waambie watugawie kamoja basi, nasi tupate kivuli."

Bango likasimikwa. Kisha, asubuhi moja, ukuta ulitetemeka na vikombe vikaanguka. Mchoraji akatoka mbio. Buldoza lilikuwa limefika mlangoni, na msimamizi wake ameshika mchoro ule ule.

"Kaka, simamisha! Humu mna mgonjwa, hawezi kutembea! Hii ni nyumba ya watu!"

Msimamizi akaukunjua mchoro taratibu, akatafuta kwa kidole, akagota.

"Nyumba gani, ndugu yangu? Hapa pana mti."

Na wewe, bado unatazama? Ingia ndani, shika kitanda upande wa miguuni. Sasa hivi!