Vijiko Vitano vya Karanga

Daktari alichota karanga za kusaga kwa ncha ya kijiko, akamlisha binti. Mama mtu, aliyekaa kando ya kitanda, hakumzuia. Siku nyingine yoyote katika miaka minane iliyopita, angemrukia kama chui.

"Sasa tunasubiri," daktari alisema. Sindano ya dharura ilikuwa tayari kwenye sinia.

Mama alikuwa msusi. Pale saluni kwake, mteja aliyeingia anatafuna karanga alinawishwa mikono kwanza, awe nani, awe nani. Watu walimcheka. Hawakumwona binti yake akiwa na miaka miwili, ameonja karanga, midomo imevimba, pumzi inakwaruza kama msumeno kwenye ubao, mama amembana kifuani anakimbilia hospitali, mguu mmoja una kiatu, mwingine peku.

Kijiko cha pili. Hakuvimba.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Binti alipoanza shule, mama alikwenda na barua ya kurasa mbili. Mwalimu mkuu alimwelewa, tena kupita kiasi: mtoto alitengewa meza yake mlangoni pa ofisi, awe anakula peke yake chakula alichofungiwa nyumbani. Huu ulikuwa mwaka wa tano anakula akitazama ukuta.

Mialiko ya siku za kuzaliwa nayo ikakatika. Jirani mmoja, mwenye mtoto darasa hilohilo, hakuzunguka mbuyu. "Shoga, usinichukulie vibaya. Mtoto wa mwenzangu akinifia mikononi, uso wangu nitauficha wapi?"

Kijiko cha tatu. Cha nne. Binti alining'iniza miguu kitandani, akisoma bango la chanjo ukutani kana kwamba amekuja kukata kucha. Kufikia kijiko cha tano, mama ndiye aliyekuwa amezimaliza kucha zake kwa meno.

Saa mbili zikapita. Daktari akamtazama ulimi, akamkagua ngozi, akamsikiliza kifua. Kisha akatabasamu.

"Hongera, mama. Mzio wa karanga umeondoka. Si watoto wengi wanaojaliwa hivi."

Mama alilia bila aibu. Alimshika daktari mikono yote miwili akasahau kuiachia. Mpaka wanatoka kwenye korido alikuwa bado anajifuta kwa ncha ya mtandio, na mipango imeshamjaa kichwani.

"Kesho naenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Ile meza waipasue kuni! Utakula na wenzako. Na siku yako ya kuzaliwa tunaalika darasa zima, wajae mpaka uani."

"Usiende, mama."

"Nisiende? Unaogopa nini tena? Si umemsikia daktari? Umepona!"

"Nilijua."

Mama akasimama. "Ulijua nini?"

"Kwamba nimepona." Binti alisema taratibu, kama anayesoma somo alilokwisha kulikariri. "Nilipokuwa darasa la tatu wenzangu walinipakia karanga kwenye mkate wangu kwa siri, waone kama kweli nitakufa. Nilipomaliza kula ndipo wakaniambia. Nikajifungia chooni, nikasubiri. Nikasubiri weee. Kengele ikalia, nikarudi darasani."

Mama akajibwaga kwenye benchi la wagonjwa. Alitaka kuuliza ni akina nani, watoto wa nani, aende akawashike makoo mmoja mmoja. Lakini swali lililotoka lilikuwa jingine.

"Miaka miwili, mwanangu? Miaka miwili unakula peke yako ukutani na huna mzio? Kwa nini hukuniambia?"

Binti akaketi karibu naye, akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemtazama mtoto.

"Sasa hivi, mama, watu wakiniuliza mbona sina rafiki, nawaambia ni karanga."