Kioo cha Pikipiki

Anayetaka kuingia chama cha wapiga picha cha Kasongo husimama mbele ya wote na kueleza picha yake moja. Aliyesimama sasa ndiye aliyemfundisha Emilienne kazi, kisha akamfukuza studio na kubaki na picha zake.

"Hii niliipiga miye mwenyewe, kule Salamabila," alisema. Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, walionekana wachimbaji watatu juu ya pikipiki, matope yamewakaukia mpaka kwenye kope.

Emilienne, katibu wa chama, aliyakumbuka matope yale. Siku ile aliyabandua kwenye kamera yake kwa kucha.

"Kweli, papa?" aliuliza kwa upole.

"Weye mutoto, naweza kusahau picha yangu?"

Watu wakacheka.

"Basi tia sahihi hapa, kwamba uliipiga weye."

Akatia, kwa mbwembwe. Tangu faili ya maombi yake ifike wiki iliyopita, Emilienne alikuwa akiingojea sahihi hiyo. Aliikunja karatasi, akaitia mkobani, kisha akaanza kuikuza picha kwenye kompyuta: tairi, usukani, kioo cha pikipiki.

Ndani ya kioo, msichana mwenye kilemba cha manjano alikuwa ameinua kamera.

Vichwa vyote vikamgeukia Emilienne, na kilemba kilekile alichokifunga asubuhi ile kwa makusudi.